Nitajuaje aina ya kibadilika wakati kila safu ina namba?

SWALI: Nimekusanya madodoso 120 kwa ajili ya ripoti yangu ya kwanza ya utafiti. Kwenye lahajedwali nina safu sita: namba ya mshiriki, jinsia (1 mwanamume, 2 mwanamke), elimu (1 hakusoma, 2 msingi, 3 sekondari, 4 chuo), umri, muda aliosubiri huduma kwa dakika, na kuridhika na huduma (1 hadi 5). Niliiambia programu inipe wastani wa kila safu, nikaandika kwamba wastani wa jinsia ni 1.6 na wa elimu ni 2.7. Msimamizi amenirudishia ripoti na maneno matatu tu pembeni: "Aina za vibadilika!" Lakini safu zote ni namba. Nitajuaje ipi ni ya aina gani, na nifanye nini na kila moja?

JIBU: Msimamizi wako yuko sahihi, na kosa hili huwapata wengi kwa sababu programu haimzuii mtu kulifanya. Chochote kilichoandikwa kwa tarakimu, programu itakijumlisha na kukigawanya. Haijui kama ile 2 ni dakika mbili, watoto wawili, au alama tu iliyowekwa badala ya neno "mwanamke". Unayejua ni wewe, maana wewe ndiye uliyeuliza swali na kuandika jibu. Kwa hiyo usitafute aina ya kibadilika kwenye tarakimu zenyewe. Uliza tarakimu ile ilipatikanaje na inasimama badala ya nini.

Kabla ya hapo, hakikisha unajua mstari mmoja wa jedwali lako ni nini. Kwako inaonekana kila mstari ni mtu mmoja, na kila safu ni sifa moja ya mtu huyo. Sifa inayotofautiana kutoka mtu hadi mtu ndiyo kibadilika. Kama mtu yuleyule alihojiwa mara mbili, basi mistari 120 si watu 120, na hesabu zote zinazofuata zitakuwa na kasoro hata ukipatia aina za vibadilika. Hilo likague kwanza.

Sasa njia ya kutambua aina. Chukua safu moja, kisha jiulize: nikibadilisha namba hizi kwa namna ambayo haibadilishi ukweli wowote kuhusu watu hawa, je, jibu langu linabaki palepale? Jibu likibadilika ilhali watu hawajabadilika, umefanya hesabu ambayo data zako haziwezi kuibeba. Wazo hili liko kwenye mgawanyo wa ngazi nne za upimaji alioutoa mwanasaikolojia S. S. Stevens mwaka 1946, na ndio unaofundishwa hadi leo karibu katika kila somo la utangulizi wa takwimu. Hebu tulijaribu wazo hili kwenye safu zako.

Jinsia. Ungeweza kuandika 1 kwa mwanamke na 2 kwa mwanamume. Hakuna ambacho kingeharibika. Lakini wastani wako ungeshuka kutoka 1.6 hadi 1.4. Ungeandika 10 na 70, ungepata namba nyingine kabisa. Watu ni walewale, ila jibu linayumba. Hicho ni kibadilika cha majina: namba zake ni vibandiko, hazina kubwa wala ndogo. Unachoweza kufanya ni kuhesabu wangapi wako kila kundi, kutoa asilimia, na kutaja modi, yaani kundi lenye watu wengi zaidi. Ile 1.6 yako, ukiifumbua, inasema kwamba wanawake ni 72 na wanaume ni 48, yaani asilimia 60 na 40. Andika hivyo, na msomaji ataelewa mara moja.

Kuna hali moja ambapo wastani wa safu ya namna hii una maana: pale makundi ni mawili tu na umeyapa 0 na 1. Ukiandika 0 kwa mwanamume na 1 kwa mwanamke, wastani utakuwa 0.6, ambao ndio uwiano wenyewe wa wanawake. Ndiyo maana wachambuzi wengi hupendelea 0 na 1 kuliko 1 na 2 kwa maswali ya ndiyo na hapana. Makundi yakifika matatu, mbinu hiyo haifanyi kazi tena.

Namba ya mshiriki nayo ni jina. Ibaki kwenye jedwali ili uweze kurudi kwenye dodoso lenyewe ukiona kitu cha ajabu, lakini isiingie kwenye uchambuzi. Ihifadhi kama maandishi, kwa sababu lahajedwali hufuta sifuri za mwanzo: 007 hugeuka 7, na namba za simu na za vitambulisho hupoteza tarakimu bila onyo. Usilichukulie hili kama jambo dogo. Wanasayansi wa jeni walihangaika miaka mingi na lahajedwali zilizogeuza majina ya jeni kama MARCH1 na SEPT2 kuwa tarehe, hadi kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilipoyabadilisha majina yenyewe. Miongozo yake ya mwaka 2020 inataja MARCHF1 na SEPTIN2. Panga aina ya safu kuwa maandishi kabla ya kuingiza data. Ukisubiri baadaye, kilichokwisha kufutwa hakirudi.

Elimu ndiyo safu inayowachanganya wengi, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Ina mpangilio: sekondari iko juu ya msingi, chuo kiko juu ya sekondari. Huwezi kuzigeuza namba ovyo kama za jinsia. Lakini mpangilio ndio kitu pekee unachokijua. Hakuna aliyepima kwamba hatua kutoka 1 kwenda 2 ni sawa na hatua kutoka 3 kwenda 4. Hiki ni kibadilika cha ngazi. Angalia kinachotokea ukikikokotolea wastani. Kundi la kwanza lina watu watatu, wote sekondari: 3, 3, 3. Kundi la pili lina wawili wa msingi na mmoja wa chuo: 2, 2, 4. Wastani ni 3 kwa kundi la kwanza na 2.67 kwa la pili, kwa hiyo kundi la kwanza linaongoza. Sasa ipe chuo msimbo 9 badala ya 4. Mpangilio haujaguswa, chuo bado ndicho cha juu kabisa. Lakini kundi la pili sasa lina 2, 2, 9, wastani 4.33, na ghafla ndilo linaloongoza. Hitimisho limepinduka kwa sababu ya msimbo uliouchagua wewe ukiwa mezani.

Tazama mediani sasa, yaani thamani ya mtu aliyeko katikati baada ya kuwapanga wote kutoka chini kwenda juu. Kundi la kwanza: 3. Kundi la pili: 2. Badilisha msimbo wa chuo uwe 9 au 900, mediani hazitikisiki. Hiyo ndiyo sababu vibadilika vya ngazi hupewa mediani, pamoja na asilimia ya kila ngazi. Wastani wako wa 2.7 haulingani na ngazi yoyote ya elimu duniani; badala yake sema mediani ni ngazi gani, kisha toa jedwali la asilimia.

Kipimo cha ugumu wa madini cha Mohs, cha mwaka 1812, ni mfano safi wa ngazi zisizo na hatua sawa. Talki ni 1, korundi ni 9, almasi ni 10. Hatua ya mwisho inaonekana ndogo kama nyingine zote, lakini almasi imeizidi korundi kwa ugumu mara kadhaa. Namba zile zinaeleza tu jiwe lipi linakwaruza lipi.

Umri na muda wa kusubiri ni vya aina nyingine kabisa. Hapa namba ni kiasi halisi: tofauti ya dakika 5 ni ileile, iwe kati ya 10 na 15 au kati ya 60 na 65. Tena sifuri yake ni ya kweli, maana dakika 0 ni kutosubiri kabisa. Kwa hiyo unaweza kusema aliyesubiri dakika 30 amesubiri mara mbili ya aliyesubiri 15. Geuza kuwa sekunde, 1,800 na 900, uwiano bado ni mbili. Hiki ni kipimo cha uwiano.

Kati ya ngazi na uwiano kuna aina moja ambayo haimo kwenye jedwali lako, lakini utakutana nayo: kipimo cha nafasi sawa, ambacho hatua zake zinalingana ila sifuri yake imepachikwa tu. Halijoto ya selsiasi ni hivyo. Nyuzi 20 haina joto "mara mbili" ya nyuzi 10. Zipeleke kwenye farenihaiti zitakuwa 68 na 50, uwiano 1.36, kwenye kelvini zitakuwa 293.15 na 283.15, uwiano usiofika hata 1.04. Lakini tofauti zinalingana popote: kutoka 10 hadi 20, na kutoka 30 hadi 40, kote ni nyuzi 10 za selsiasi, na kote ni 18 za farenihaiti. Kwa hiyo wastani wa halijoto ni halali, ila kauli ya "mara mbili" si halali. Miaka ya kalenda iko kundi hilohilo.

Saa za siku zina tabia ya peke yake, kwa sababu zinazunguka. Mtu mmoja huamka saa 11 alfajiri, mwingine saa 1 asubuhi. Jumlisha 11 na 1, gawanya kwa mbili, unapata saa 6, wakati katikati halisi ni saa 12. Kwa saa za mtindo wa 24, wawili haohao ni 5 na 7, na wastani ni 6, ambayo ndiyo saa 12 asubuhi, sawasawa. Lakini mtindo huo nao hukwama usiku: 23 na 1 hutoa 12, adhuhuri. Ukiwa na data za saa, chagua sehemu ya kuanzia kuhesabu ambayo haikati katikati ya watu wako, kisha geuza kila saa kuwa dakika kutoka hapo.

Vibadilika vya kiasi pia hugawanyika kwa njia nyingine: vile vya kuhesabu na vile vya kupima. Idadi ya safari za mtu kwenda kupata huduma huhesabiwa 0, 1, 2, 3, hakuna kitu katikati. Muda hupimwa, na kati ya dakika mbili zozote kuna nyingine nyingi kadiri saa yako inavyoweza kuzigawanya. Wanafunzi huogopa kuandika "wastani wa safari 2.4" eti hakuna mtu aliyesafiri mara 2.4. Usiogope. Wastani wa kitu kinachohesabika unaruhusiwa kuwa na desimali. Unaeleza kundi zima. Na umri, ingawa umeuandika kwa miaka kamili, ni wa kupima. Mtu wa miaka 29 na miezi 11 ameandikwa 29, hivyo wastani wa umri uliotimia huwa chini ya ule halisi kwa karibu nusu mwaka. Kwa ripoti yako haidhuru, lakini kwa utafiti wa watoto wachanga ni kosa kubwa, ndiyo maana kule umri huandikwa kwa miezi au siku.

Kuwa kibadilika cha kiasi hakumaanishi kwamba wastani ndio unaofaa kila mara. Chukua watu saba waliosubiri dakika 10, 12, 15, 15, 18, 20 na 120. Wastani ni 30, mediani ni 15. Sita kati ya saba walisubiri chini ya huo "wastani". Muda wa kusubiri, kipato na gharama za matibabu mara nyingi huwa na mkia mrefu upande wa juu kama huu. Chora histogramu kwanza, yaani chati ya mihimili iliyogusana inayoonyesha ni watu wangapi wako kila sehemu ya kipimo, na mkia ukiwa mrefu toa mediani pamoja na robo ya chini na ya juu, yaani thamani ambazo chini yake wako robo ya watu na robo tatu ya watu. Utaona pia kwenye histogramu ya muda kwamba mihimili imerundikana kwenye 5, 10, 15, 30 na 60. Hapo watu wamekadiria, hawakupima. Litaje hilo kwenye ripoti. Ukiona 1.5 katikati ya 40 na 90, huenda mtu aliandika saa badala ya dakika. Rudi kwenye dodoso, usibahatishe.

Kuridhika kwa 1 hadi 5 ni ngazi, sawa na elimu, ingawa hapa wataalamu wanabishana. Mtindo wa maswali haya ulianzishwa na Rensis Likert mwaka 1932, na yeye alikusudia maswali kadhaa kuhusu jambo moja yajumlishwe kupata alama moja. Jumla ya maswali manane au kumi yanayopima kitu kimoja hukaribia kuwa kiasi, na wengi huikokotolea wastani bila tatizo. Wewe una swali moja tu. Kwa swali moja, mimi husimama upande wa asilimia, na hii ndiyo sababu: watu kumi wote wakijibu 3, wastani ni 3. Watano wakijibu 1 na watano wakijibu 5, wastani ni 3 vilevile, na mediani pia ni 3. Kundi la kwanza halijali, la pili limegawanyika vibaya, na namba moja imeficha yote. Toa asilimia ya kila jibu kwa chati ya mihimili iliyopangwa kutoka 1 hadi 5. Siku ukiwa na maswali mengi ya kujumlisha, kumbuka kugeuza yale yaliyoulizwa kinyume, kwa kutoa jibu kutoka 6, ili 5 iwe 1 na 4 iwe 2. Usipoyageuza, majibu yatabatilishana.

Kuhusu chati, mihimili yenye nafasi katikati ni ya makundi. Histogramu, ambayo mihimili yake imegusana, ni ya vipimo. Chati duara iache kwa makundi machache ya majina, si kwa ngazi, kwani duara huficha mpangilio.

Sasa mambo yanayoharibika hata baada ya kujua aina. Baya kuliko yote ni msimbo wa jibu lililokosekana. Tuseme umri wa watu wanne ni 23, 31, 27 na 35, wastani 29, na wa tano hakujibu ukaandika 99. Wastani unakuwa 43, na hauonekani wa ajabu hata kidogo. Hiyo ndiyo hatari yake. Kama ungeandika 999 wastani ungekuwa 223 na ungeshtuka. Acha seli wazi, au iambie programu waziwazi kwamba msimbo fulani ni pengo. Na usijaze sifuri penye pengo, maana dakika 0 ni jibu kamili.

Kosa jingine ni kukusanya umri kwa makundi. Ukiuliza umri wenyewe, unaweza kuunda makundi yoyote baadaye. Ukiuliza "18–24, 25–34", umegeuza kiasi kuwa ngazi na huwezi kurudi. Mtu wa 24 na wa 25 wametenganishwa, wa 25 na wa 34 wameunganishwa. Wapo wanaoandika hata "20–30, 30–40", na mwenye miaka 30 hajui aweke alama wapi.

Programu nazo zina mitego yake. SPSS, programu ya takwimu, hukuuliza kila safu ni majina, ngazi au kipimo, na hiyo ya mwisho inabeba nafasi sawa na uwiano kwa pamoja. Usiache ilivyojichagulia yenyewe. Katika R, programu nyingine ya takwimu, majina na ngazi huwekwa kama "factor", yaani safu ya makundi, na ngazi hupangwa kialfabeti usipozitaja: "chini, kati, juu" inakuwa chini, juu, kati, na chati yako inapotosha kimyakimya. Tena, safu ya namba iliyoingia kama "factor", yenye 10, 20 na 50, ukiigeuza moja kwa moja kuwa namba inakupa 1, 2, 3, yaani nafasi zake, si thamani zake. Igeuze kwanza kuwa maandishi, ndipo iwe namba.

Usichanganye pia aina na kazi. "Kibadilika huru" na "kibadilika tegemezi" ni kazi unazozipa safu katika swali fulani. Ukiuliza kama muda wa kusubiri unaathiri kuridhika, muda ni huru na kuridhika ni tegemezi. Kesho muda unaweza kuwa tegemezi ukiuliza nini kinausababisha. Aina yake haikubadilika. Ila jozi ya aina ndiyo inayochagua jaribio: kwa jinsia na elimu kama makundi matupu, tumia jaribio la kai-mraba, ukihakikisha idadi zinazotarajiwa kwenye seli (zile ambazo zingepatikana kama vibadilika viwili havihusiani) hazishuki chini ya 5; kwa kuridhika kati ya wanaume na wanawake, jaribio la Mann–Whitney, linalolinganisha makundi mawili kwa nafasi; kwa muda na kuridhika, kipimo cha uhusiano cha Spearman, kinachotumia nafasi badala ya thamani; kwa umri na muda, kipimo cha uhusiano cha Pearson, kinachotumia thamani zenyewe, kama mchoro wa nukta unaonyesha mstari ulionyooka.

Kwa ripoti yako, fungua ukurasa mpya kwenye lahajedwali na uandike mstari mmoja kwa kila safu: jina lake, swali lilivyoulizwa neno kwa neno, misimbo na maana yake, kizio (kama dakika au miaka), aina, na msimbo wa pengo. Kisha, kabla ya kukokotoa lolote, toa jedwali la marudio, yaani kila jibu limetokea mara ngapi, kwa jinsia, elimu na kuridhika, na thamani ndogo kabisa na kubwa kabisa kwa umri na muda. Kama jinsia ina 3, elimu ina 0 au umri una 99, utaviona hapo hapo, na dodoso la karatasi bado unalo la kulirudia. Ukurasa huo uambatishe kwenye ripoti unapoirudisha kwa msimamizi.